Doa kwenye kisigino: kisa cha mama muuza sambaza, Bukavu

Siku aliyokuja alikaa peke yake kwenye ncha ya benchi, na wagonjwa wengine wote wakabanana upande wa pili. Ilikuwa Septemba 2024. Mpox, ugonjwa wa vipele wa kuambukiza, ilikuwa imeshuka kutoka migodi ya dhahabu ya Kamituga na kuingia Bukavu, mashariki ya Kongo, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza dharura ya kimataifa. Siku zile, mtu aliyefunga kitambaa popote mwilini alitazamwa kwa jicho la pembeni. Huyu mama alikuwa amefunga mguu wa kushoto kwa kipande cha kitenge, na kitenge kilikuwa kimelowa.

"Muganga," aliniambia kabla sijauliza neno, "miye siko na ile mpox. Nimekuya juu ya muguu."

Tumwite Mama Nabintu. Si jina lake, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Mengine aliniruhusu kuyaandika. Ana miaka 54, ni mjane, anauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho mlimani, mwendo wa robo saa kati yake na soko kwa anayeteremka, na nusu saa kwa anayepanda. Ninaandika juu ya saratani ya ngozi inayojificha mguuni, kwa ajili ya wauguzi wenzangu, kwa wauza dawa wa farmasi za mitaani, na kwa yeyote mwenye miguu.

Tulichokiona baada ya kufungua kitambaa

Kitenge kilikuwa kimegandana na kidonda, kwa hiyo tulikilowesha kwa maji ya chumvi na kusubiri. Nilimlaza kifudifudi, unyayo ukatazama dirisha. Mwanga wa mchana ni bora kuliko taa yetu, hasa siku ambazo umeme upo nusu nusu.

Kisiginoni palikuwa na kidonda cha sentimita 3 hivi. Katikati nyama nyekundu ilikuwa imeinuka, laini, yenye majimaji, na ilitoa damu nilipoigusa kwa pamba tu. Anayetazama hapo katikati ataona kidonda kichafu cha muda mrefu, basi, ataandika antibiotiki na kuita mgonjwa anayefuata. Ukweli ulikuwa pembeni. Kuizunguka nyama ile kulikuwa na doa lililotambaa kuelekea upinde wa unyayo, sentimita 5 na nusu kutoka ncha hadi ncha. Upande mmoja lilikuwa jeusi tititi, upande mwingine kahawia, na sehemu moja kijivu kama majivu ya makaa. Ukingo wake haukuwa na umbo. Ulikuwa kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya daftari.

Nikampima sukari: ya kawaida. Nikamgusa unyayo kwa ncha ya pamba akiwa amefumba macho: alihisi kila mguso. Alikubali kipimo cha virusi vya UKIMWI, kikatoka hasi. Hakuwa na homa, hakuwa na malengelenge usoni, viganjani wala kinywani. Kisha nikaweka vidole kwenye kinena cha kushoto. Palikuwa na tezi moja ngumu, kubwa kuliko njugu, isiyouma. Kinena cha kulia hakikuwa na kitu.

Tezi ile ndiyo iliyonikausha mate: huenda kilichokuwa kisiginoni kilikuwa kimeshasafiri.

Safari ya miaka minne

Doa lilianza mwaka 2020. Anaukumbuka mwaka kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona, hakuweza kuvuka mto Ruzizi kwenda kuuza Kamembe, Rwanda, akawa na muda wa kukaa nyumbani na kusugua miguu. Aliona kitu cheusi kisiginoni, kidogo kama punje ya haragwe. Akadhani ni uchafu wa soko. Akachukua jiwe la volkano, lile jeusi lenye matundu linaloletwa na boti kutoka Goma, akasugua. Halikutoka. Akaongeza nguvu.

Mwaka 2022 doa lilikuwa limefikia ukubwa wa kifuniko cha chupa ya bia. Halikumuuma, halikumwasha, na mtu mwenye watoto watano na deni la sambaza hana siku ya kupoteza kwa kitu kisichouma. Mwanzoni mwa 2023 ngozi ilipasuka, akaanza kukuta damu kwenye kandambili jioni. Farmasi ya karibu ilimuuzia pomada ya fangasi. Alimaliza tyubu tatu.

Katikati ya 2023 alikwenda kituo kimoja ambako waliita kitu kile chunjua. Walikikata kwa wembe, wakapachoma, wakamfunga. Nyama waliyoikata iliingia kwenye ndoo ya takataka. Ninarudi kwenye ndoo hiyo kila ninapokisimulia kisa hiki, maana jibu lote lilikuwa mle ndani. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa umerudi, na safari hii ulirudi mwekundu.

Mwisho wa mwaka huohuo mganga wa kienyeji alimwambia amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na kwamba aliyeitega anauza samaki karibu naye. Alimpaka majani yaliyomwunguza, kisha majivu meusi. Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza, Mama Nabintu aliacha kusalimiana na jirani yake wa meza ya pili kwa karibu mwaka mzima. La pili ni baya zaidi kwa upande wa tiba: weusi wa doa ukachanganyika na weusi wa majivu, na kila aliyemwona baada ya hapo alidhani ni mabaki ya dawa.

Halafu, Januari 2024, alikuja kwetu. Kwangu mimi. Alikuja kupima presha. Daftari lina mwandiko wangu: presha, uzito, vidonge, tarehe ya kurudi. Alikuwa anachechemea. Ninakumbuka kwamba alikuwa anachechemea kwa sababu nilimtania kuhusu milima ya Kadutu, na sote wawili tukacheka. Sikumwomba avue kiatu.

Kwa nini kila aliyekosea alikuwa na sababu

Ni rahisi kumcheka mwuza pomada. Lakini nikichukua majibu yote aliyopewa Mama Nabintu, moja baada ya jingine, ninaona kwamba kila mmoja alitaja ugonjwa ambao kweli upo Bukavu, kweli unakaa mguuni, na ni wa kawaida kuliko ule aliokuwa nao. Kosa halikuwa kuutaja. Kosa lilikuwa kwamba jina likishatajwa hakuna aliyetazama tena.

Fangasi, kwa mfano. Anayesimama siku nzima kwenye maji ya samaki ana kila sababu ya kupata fangasi miguuni. Lakini fangasi hupenda katikati ya vidole, huwasha, hutoa magamba makavu kama unga, na mara nyingi hushika miguu yote miwili. Kwa kawaida haileti doa jeusi linalokaa mahali pamoja na kupanuka kwa miaka. Ukipaka dawa ya fangasi kwa wiki nne kama inavyotakiwa na hakuna kilichobadilika, tyubu ya pili si tiba tena, ni kuahirisha.

Chunjua ina ishara zake. Inatokana na kirusi, na inakata mistari ya unyayo: mistari inafika pale na kukatika, wakati kwenye sugu ya kawaida mistari inaendelea juu yake. Ukiibana chunjua kwa pembeni inauma. Sugu inauma ukiikandamiza moja kwa moja. Ndani ya chunjua mara nyingi huonekana vitone vyeusi vidogo sana, ambavyo ni mishipa midogo yenye damu iliyoganda. Hapo ndipo wenzetu waliponaswa, nadhani: waliona weusi, wakakumbuka vitone. Ila vitone ni vitone. Doa linalotambaa ni kitu kingine.

Funza nao wapo, hasa kwa waliokuja kutoka vijijini hivi karibuni. Funza jike akishajichimbia kwenye ngozi anaonekana kama kivimbe cheupe chenye nukta nyeusi katikati, anawasha kweli kweli, na ndani ya wiki chache amekufa. Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya kugonga jiwe pia ni nyeusi, lakini inasogea na kutoka kadiri ngozi inavyokua. Ukiwa na shaka kwenye ukucha, weka alama ndogo kwa wembe mwanzoni na mwishoni mwa weusi, uone baada ya miezi miwili kama umesogea mbele. Damu husafiri na ukucha. Saratani hukaa kwenye shina lake na kuendelea kupaka rangi.

Kidonda cha sukari hukaa sehemu zinazobeba uzito, kisigino kikiwemo, na mgonjwa hahisi pamba. Ukoma pia huua hisia, na kwa kawaida huanza na baka lililofifia rangi, lisilowasha wala kuuma. Kongo bado tunao, dawa zake hutolewa bure, na anayewahi hapotezi vidole. Ndiyo maana nilianza na pamba na sukari. Ni vipimo ambavyo hata kituo kisicho na umeme kinaviweza.

Sarkoma ya Kaposi ilinijia akilini. Huku mashariki ya Kongo ilijulikana hata kabla ya UKIMWI, kwa wanaume wazee hasa. Huleta vinundu vya zambarau iliyokolea, vingi, mara nyingi na mguu kuvimba. Haikufanana, lakini kwa macho peke yake nisingeapa.

Na mpox, iliyomfanya akae peke yake kwenye benchi? Ugonjwa ule mara nyingi huanza na homa na tezi, kisha vipele vinavyopita hatua moja baada ya nyingine: madoa, vinundu, malengelenge ya maji, usaha, magamba. Wiki mbili hadi nne, umemalizika. Hauwezi kuwa doa moja la miaka minne. Nilitoka nje nikawaambia waliokuwa wanasubiri, kwa sauti, kwamba mama huyu hana kitu cha kuambukiza. Wawili walisogea. Wengine walibaki walipokuwa.

Lipo jambo moja jingine ambalo Mama Nabintu hakuwa nalo, lakini kwenye kituo chetu tunalikuta mara nyingi kuliko doa lake, kwa hiyo sitalipita: kovu la moto la utotoni, au kidonda cha mguu cha miaka kumi, ambacho siku moja ukingo wake unaanza kuinuka, kuwa mgumu kama kamba, kunuka tofauti. Jean-Nicolas Marjolin, daktari wa Kifaransa, alieleza vidonda vya makovu vinavyoota hivyo mwaka 1828, na hadi leo saratani inayoota kwenye kovu hubeba jina lake. Watoto wetu wanaoangukia bugali ya moto au sufuria la maharagwe hupona, wanakua, wanasahau. Kovu likifunguka tena baada ya miaka ishirini na lisifunge, huo si uvivu wa ngozi.

"Kansere ya ngozi ni ya wazungu"

Sentensi hiyo niliisikia kwa mgonjwa, kwa mwanawe, na, nikisema kweli, kwa mwenzangu mmoja wa kazini. Ina chembe ya ukweli, na ndiyo inayoifanya iwe hatari. Rangi yetu inatoka kwenye melanini, na melanini inakinga dhidi ya jua. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua huwapata weupe mara nyingi zaidi kuliko sisi. Kati yetu, wanaolipa bei ya jua ni ndugu zetu wenye ualbino: kwao kidonda kidogo cha mdomo, sikio au shingo kisichopona ni cha kukimbilia hospitali, na kofia yenye ukingo mpana si pambo.

Lakini seli zinazotengeneza melanini zipo hata mahali ambapo jua halifiki, na zenyewe zinaweza kuharibika. Saratani yao inaitwa melanoma. Kwa mtu mweusi inapenda sehemu ambazo ngozi ni nyepesi kwa rangi: unyayo, kiganja, chini ya ukucha, wakati mwingine ndani ya kinywa. Jua halihusiki sana hapo. Sababu yake haijulikani yote, ila si uchafu, si dhambi, si dawa iliyotegwa.

Mtu mmoja ambaye vijana wote wa Bukavu wanamjua kwa sura kwenye fulana alikufa kwa ugonjwa huu huu: Bob Marley. Mwaka 1977 jeraha la kidole gumba cha mguu, ambalo watu walidhani ni la mpira, lilipimwa na kukutwa ni melanoma chini ya ukucha. Alikufa tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36. Nilipomwambia mwanawe Mama Nabintu jambo hilo, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani akinisikiliza kwa shaka, aliingia ndani na kukaa.

Nisitishe watu bure. Watu weusi wengi wana madoa ya kahawia kwenye nyayo, mengi, madogo, miguu yote miwili, na ni ya kawaida kabisa. Vilevile mistari ya kahawia kwenye kucha: ikiwa kwenye vidole vingi, myembamba, imekaa hivyo miaka, mara nyingi ni rangi yetu tu. Ninachotafuta ni lililo peke yake. Doa moja lisilofanana na mengine, lenye rangi zaidi ya moja, ambalo upande wake mmoja haulingani na mwingine, linalokua, lenye upana unaozidi milimita 6 au 7, au mstari mmoja wa ukucha unaopanuka na kumwagia weusi kwenye ngozi ya shina la ukucha. Na lipo lile linalodanganya kuliko yote: melanoma isiyo nyeusi, nyekundu au ya waridi, inayofanana na nyama ya kidonda. Katikati ya kisigino cha Mama Nabintu palikuwa hivyo. Kama wembe na moto vingelifuta na ukingo mweusi, sidhani kama ningeshtuka hata mimi.

Kipande cha nyama kwenye chupa

Kwa macho niliweza kushuku. Kusema, hapana. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari mpasuaji, na nilipiga simu mwenyewe, kwa sababu barua zetu hupotea mifukoni.

Hapo ukaja mjadala wa familia. Shemeji yake mkubwa alisema kisu huamsha kansere, na alitaja watu watatu waliokatwa wakafa. Sikumbishia kuhusu wale watatu. Nilimwambia kwamba kwa hesabu hiyo mguu ulishakatwa mwaka jana, kwa wembe, na aliyeukata hakuuliza anakata nini. Kuchukua kipande kidogo kwa ajili ya kipimo hakuisambazi melanoma. Wanaokufa baada ya kukatwa, wengi walikatwa wakati ugonjwa umekwisha kusafiri. Mama Nabintu alisikiliza pande zote mbili, kisha akasema mguu ni wake.

Jambo la kiufundi kwa wenzangu, maana limeharibu vipimo vingi: kipande kinakaa kwenye formalini ya asilimia 10, si kwenye maji ya chumvi, si kwenye spiriti, na dawa iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Chupa iwe na mdomo mpana. Nyama ikishakaza haitoki kwenye chupa ya sindano. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Na daktari anayesoma aambiwe kila kitu: wapi, tangu lini, rangi gani, kilishawahi kukatwa au la. Pale pale kichukuliwe sehemu iliyo nene zaidi, kisikwanguliwe juu juu, kwa sababu kwenye ugonjwa huu unene ndio hukumu.

Majibu yalichukua wiki tano. Melanoma ya unyayo, yenye kidonda juu, unene wa milimita 4.6.

Kipimo cha unene kinaitwa Breslow, kwa jina la Alexander Breslow, Mmarekani aliyekieleza mwaka 1970. Unene hupimwa kwa hadubini tu, kutoka juu ya ngozi hadi seli mbaya ya chini kabisa. Chini ya milimita 1, wengi wanaokatwa hupona moja kwa moja. Juu ya milimita 4 ugonjwa uko kwenye kundi la mwisho la unene. Milimita tatu na nusu hivi, basi, urefu wa punje ya mchele uliovunjika: huo ndio umbali kati ya mwaka 2020 na 2024.

Picha ya kifua na ekografi (ultrasound) ya tumbo havikuonyesha kitu. Mwisho wa Novemba alipasuliwa. Waliondoa doa la kisigino na sentimita 2 za ngozi nzima kulizunguka, wakaweka kipande cha ngozi ya paja, na kusafisha tezi za kinena. Katika zile zilizopimwa, mbili zilikuwa na ugonjwa. Kwa lugha ya madaktari hiyo ni hatua ya tatu.

Fedha ilitoka sehemu tatu. Mwanawe aliyeko Kamituga alituma. Wanawake wa sambaza walimpa zamu ya likilimba, mchango wao wa kupokezana, kabla ya siku yake. Na yule jirani wa meza ya pili, aliyeshtakiwa kwa uchawi mwaka mzima, alilipa usiku wa kwanza wa kitanda. Sijui walisameheana vipi, sikuuliza.

Dawa za kuamsha kinga ya mwili zilizobadilisha tiba ya melanoma duniani zipo tangu 2011, na utafiti uliozileta uliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kwa melanoma ya unyayo huwa hazifanyi kazi vizuri kama kwa zile za jua, na bei yake haina uhusiano wowote na bei ya sambaza. Nilimweleza zipo. Baadhi ya wenzangu wanaona ni ukatili kumtajia mgonjwa dawa asiyoweza kuinunua. Mimi naona ni ukatili zaidi akija kuisikia kwa mtu mwingine na kujua nilimficha.

Mahali nilipokosea mimi

Ninarudi Januari. Miezi minane kabla. Mgonjwa wa presha, anachechemea, mguu uko mbele yangu chini ya meza. Sina hakika kama tezi ilikuwa haijafikiwa wakati ule. Huenda ilikuwa tayari. Lakini kuvua kandambili ni sekunde tatu. Nilikuwa na wagonjwa arobaini siku ile, na hilo ni kweli, na bado haliingii kwenye hesabu ya milimita.

Tangu hapo tumebadilisha jambo moja dogo. Kila mwenye presha au sukari anavua viatu kabla ya kupanda mzani, na anayeandika uzito anatazama nyayo. Tunaandika "nyayo: sawa" au tunachora. Kidonda chochote kinachomaliza wiki sita kikitunzwa vizuri na hakifungi, hakipewi antibiotiki nyingine hapa kwetu, kinapelekwa kukatwa kipande. Na ndoo haipokei nyama yoyote iliyotoka kwenye ngozi ya mtu bila mkubwa wa zamu kuulizwa. Kuna wanaolalamika kwamba viatu vya watu vinanuka. Vinanuka kweli.

Aprili

Alipaswa kurudi kuangaliwa katikati ya Februari 2025, karibu miezi mitatu baada ya upasuaji. Katikati ya Februari ndipo waasi wa M23 walipoingia Bukavu. Benki zilifungwa, maduka yakaporwa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetoka nyumbani kwa ajili ya kisigino. Simu yake haikupatikana. Nilimweka moyoni kwenye orodha ya wale ambao hatutajua.

Alikuja Aprili, kwa fimbo, na binti yake mkubwa ambaye husuka nywele Nyawera. Mguu ulikuwa umevimba kidogo, jambo la kawaida baada ya tezi za kinena kuondolewa. Nilimwonyesha jinsi ya kuufunga bandeji kutoka vidoleni kwenda juu na kuuinua usiku. Ngozi ya paja ilikuwa imeshika kisiginoni. Nilipapasa kinena, nikapapasa tena, sikukuta uvimbe mpya. Nikamwandikia tarehe ya miezi mitatu, naye akaniuliza kama ataruhusiwa kusimama sokoni. Nikamwambia akae. Akaniambia sambaza haziuziki ukiwa umekaa.

Binti alikuwa ameshavua kiatu bila kuambiwa. "Na huyu wangu?"

Kwenye upinde wa unyayo wa kulia palikuwa na doa la kahawia, milimita 4. Nilitazama mguu wa pili: mengine matatu yanayofanana. Nilibandika kwenye simu ile lenzi ndogo aliyoniachia daktari mmoja, nikaliangalia kwa karibu. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji kama shamba la viazi. Rangi ikifuata mifereji, mara nyingi ni alama isiyo na neno. Ikipanda kwenye matuta, ni ya kupelekwa. Yake ilikuwa kwenye mifereji.

Nilikata kipande cha plastiki angavu kutoka kwenye mfuko wa seramu, nikakiweka juu ya doa, nikafuatisha ukingo wake kwa kalamu ya wino usiofutika, nikaandika tarehe. Nakala moja niliibandika kwenye daftari letu. Ya pili aliikunja ndani ya kitambaa pamoja na kadi yake ya mpiga kura, akavaa kiatu, akamshika mama yake mkono, wakaanza kuteremka.